Mchanga wa Wageni

Mchanga mwekundu wa Lahbab, jangwa la Dubai, hauondoki kwa ufagio. Mgeni aliyekwenda kutalii jangwani hurudi nao melini ndani ya viatu, kwenye mapindo ya suruali, kwenye nywele, hata ndani ya mkoba wa kamera, na kwa kuwa anawahi chakula cha jioni, huingia bafuni moja kwa moja na kufungulia maji. Hapo ndipo kazi ya mhudumu wa vyumba inapozidi. Mchanga ukishalowa huganda kwenye vigae na kujazana kwenye tundu la kupitishia maji, na usipouwahi, kesho yake bafu linafurika hadi mlangoni. Mfilipino aliyenipokea kwenye sehemu yangu alinionyesha namna ya kuutoa: unachukua taulo kuukuu kavu, unalilaza sakafuni, unalivuta taratibu kuelekea kwako, unalikunja kwa ndani, halafu ndipo unagusa maji.

Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Mama yangu alisafisha vyumba katika hoteli moja ya Malindi kwa miaka mingi, na wageni waliotoka Nyari, bonde la mchanga la kwetu Marafa, jioni walirudi wamejaa vumbi letu hadi kwenye nyusi. Yeye alitumia kipande cha shuka badala ya taulo, lakini mkono ni ule ule. Hata wekundu wenyewe una asili moja: ni chuma kilichoshika kutu kwenye chembe za mchanga, iwe Lahbab kwenye njia ya kwenda Hatta, iwe Marafa kwetu. Kati ya mchanga ule na huu ndimo ilimo safari yangu ya kuingia kwenye kazi ya meli za kitalii. Naieleza kwa sababu vijana wengi wa Kilifi wanaililia kazi hiyo, na waliorudi wakaisimulia kwa marefu ni wachache.

Kwetu ni Marafa. Ukitoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, unaiacha barabara ya Mambrui na kushika njia ya bara kupitia Marikebuni na Magarini. Nyari iko nyuma tu ya nyumba za watu, na ukiwa njiani huioni. Unapita mihogo na mikorosho ya mtu, mbuzi wamefungwa, watoto wanachungulia, kisha ardhi inakatika mbele ya miguu yako. Chini kuna bonde pana lenye minara, kuta na migongo ya mchanga, tabaka juu ya tabaka: nyeupe, manjano, waridi, kahawia, na juu kabisa nyekundu. Watalii wanaijua kwa jina la jiko la jehanamu, na anayeshuka saa sita mchana huelewa kwa nini, maana kule chini hakuna upepo na kuta zinarudisha joto usoni. Wajuzi wa miamba husema ni mvua na upepo vilivyouchonga mgongo wa kale wa mchanga, na bado vinauchonga. Kila masika ukingo unasogea. Kuna kijia nilichokipita nikiwa mtoto nikichunga mbuzi ambacho leo ni hewa tupu.

Nyanya yetu alikuwa na maelezo mengine. Alisema hapo palikuwa na mji wa tajiri mwenye ng'ombe wasiohesabika, na watu wake wakaoga maziwa huku majirani wakilala na kiu. Mungu akaudidimiza mji ule usiku mmoja. Weupe unaouona ni maziwa yao, na wekundu ni damu. Wazee wengine wa Marafa husimulia kwamba wenyeji walionywa wahame, wakahama wote isipokuwa bibi kizee mmoja aliyekataa kuiacha nyumba yake. Wageni niliowasimulia hadithi hizi nilipokuwa mwelekezaji walizipenda sana, na jua likizama, kuta zikawa kama zimewashwa kwa ndani, sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Hata hivyo nilikuwa naongeza. Niliwaeleza kuwa ardhi waliyoikanyaga iko ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, na kwamba mwaka 1914 serikali ya Kiingereza iliwaamuru Wagiriama wa upande huu waondoke wote, makusudi wakose pa kulima, wanaume wao wapate kuchukuliwa kwenda kufanya kazi mashambani kwa wakoloni na kubeba mizigo ya vita. Nyumba zilichomwa. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaapisha watu wasikubali, alipelekwa uhamishoni Kisii akarudi kwa miguu, na kaburi lake liko Bungale, humu humu Magarini. Wageni wengine walinyamaza hapo, wengine wakauliza maswali hadi tukafika garini giza limeingia. Mzee mmoja wa Torino aliniambia ametembea nchi nyingi akionyeshwa mawe, lakini mara chache ameambiwa mawe hayo ni ya nani. Maneno yale nimeyabeba.

Kiitaliano nilikipata Malindi, kama walivyokipata maelfu ya watu wa pale, kwa kusikiliza na kuuza. Waitaliano wa mwanzo walikuja kwa ajili ya roketi: kule Ngomeni, kaskazini ya Mambrui, walisimika majukwaa baharini miaka ya 1960, na tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha kutoka hapo setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kupima miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Wahandisi wakafuatwa na ndugu, ndugu wakafuatwa na wenye hoteli, na hatimaye mtoto wa Kigiriama anayeuza madafu ufukweni akaweza kubishania bei kwa lafudhi ya Milano. Nilipokuwa kijana lugha hiyo ilinitoa ufukweni ikanipandisha hadi Nyari, kwa sababu madereva walitaka mtu wa kwetu anayeweza kuwasimulia wageni bila mkalimani.

Kisha utalii ukaanguka. Uliyumba kwanza kwa mashambulizi ya kigaidi na maonyo ya nchi za Ulaya kwa raia wao, hoteli kadhaa zikafunga milango, na Machi 2020 ndege za kimataifa zilipositishwa, Malindi ikawa kimya kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Mama alirudi nyumbani kulima. Mimi nilivuna chumvi Gongoni kwa muda, kazi inayokula nyayo, na hapo ndipo niliposikia kwamba kuna kampuni za meli za kitalii zinatafuta watu wa Pwani wanaojua Kiitaliano.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa. Anayetaka kazi ya melini anahitaji mafunzo ya lazima ya usalama, na mimi niliyafanya Mombasa: kuzima moto, huduma ya kwanza, kujiokoa majini. Ulikuwepo ubao mrefu ambao unaruka kutoka juu yake umevaa jaketi la kujiokolea, mkono mmoja umeziba pua na mwingine umeshika jaketi lisikupige kidevu, miguu imebanwa, macho mbele. Nilikulia si mbali sana na bahari, lakini mimi ni mtoto wa bara ya Sabaki, na maji yale yalinitisha. Unahitaji pia pasipoti, cheti cha daktari na kitabu cha baharia. Hivyo vinaweza kukutoka mfukoni. Zaidi ya hapo, Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza baharia kulipishwa ada yoyote ili apewe kazi. Viza ni ya mwenye meli. Mtu anayekuambia utoe laki mbili uingizwe kwenye orodha anavunja mkataba wa dunia nzima.

Wakati ule hakuna aliyekuwa ametuambia hayo kijijini. Jirani yetu aliuza kipande cha shamba la urithi, akampa wakala mmoja fedha zote, na hadi leo hajawahi kuiona meli isipokuwa kwa mbali akiwa Mombasa. Kaka mmoja wa chuoni ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kusoma mkataba wenyewe, kifungu kwa kifungu. Ingekuwa mimi ndiye mwenye sauti katika kaunti, karatasi ile ingebandikwa kwenye kila ofisi ya chifu kutoka Mtwapa hadi Marereni.

Novemba 2022 tulipelekwa Dubai kuipanda meli, maana majira ya baridi ya Ulaya ndiyo msimu wa meli za kitalii katika Ghuba. Meli ikachelewa, nasi tukawekwa hotelini Deira tuisubiri. Nilivuka khori kwa abra, ile mashua ndogo ya nauli ya dirhamu 1, nikatembea mtaa wa Al Fahidi. Katika nyumba moja ya zamani niliinua macho nikaona dari ya boriti. Zilikuwa za mikoko. Miti iliyokatwa kwenye delta za kwetu, Lamu na kwingineko Afrika Mashariki, ilibebwa na majahazi ya kusi kwa karne nyingi kwenda kuezeka nchi isiyo na miti, na upana wa vyumba vya kale vya Ghuba ulifuata urefu wa boriti zetu. Nilisimama pale muda mrefu. Wazee wa Pwani waliijia nchi hii wakiwa na mali ya kuuza na upepo wa kuwarudisha, na kaskazi ilipovuma walirudi na tende, chumvi na mazulia. Mimi nilikuja na cheti cha daktari na kitabu cha baharia.

Dada mmoja wa Mambrui, niliyekuwa nikimwita dada tangu nikiuza madafu, alikuwa Dubai akipaka hina katika kambi ya watalii jangwani. Aliposikia nipo akampigia dereva wake simu, na kwa kuwa gari lilikuwa na nafasi, nikapakiwa pamoja na familia ya Wahindi na wanandoa wa Kijerumani.

Ukiacha barabara ya lami, dereva husimama na kupunguza upepo wa magurudumu. Huchuchumaa, huweka kipimo, husikiliza, hufunga, huenda gurudumu la pili. Akikosea, gari linazama mchangani au gurudumu linachomoka ringini. Wetu alikuwa Mpakistani wa Peshawar, mtu wa maneno machache. Kisha akapanda matuta. Gari lilipofika kileleni lilisita, likaangusha pua, likateleza ubavu huku mchanga ukirushwa juu ya vioo, wageni wakipiga kelele za furaha na woga kwa pamoja. Mimi nilikuwa nikimtazama mikono. Alishika usukani kwa vidole tu, akauacha uteleze, akaushika tena, na jicho lake lilikuwa tuta la tatu mbele. Hakuna mgeni aliyemtazama. Nilitambua ujuzi ule kwa sababu ndio tulionao sisi tunaoshusha watu Nyari, unapojua jiwe gani limelegea na mguu wa nani hautaliweza bila kumwambia mwenyewe kwamba hataliweza.

Tulipotua tukaonyeshwa mti wa ghaf, mti wa taifa wa nchi ile, uliosimama peke yake mchangani. Nilipoutazama majani nikamkumbuka ndugu yake tunayemjua sana Tana River, mathenge, ambao uliletwa kuzuia jangwa ukaishia kumeza malisho ya watu. Mti wa ukoo mmoja, huku unatunzwa kwa sheria, kule wafugaji wanaulaani.

Kambini palikuwa na ngamia wa kupanda, kahawa ya iliki, tende, nyama ya kuchoma, Mmisri anayezunguka na marinda ya rangi hadi taa zinamfuata. Dada yangu alikuwa kwenye zulia pembeni, foleni ya wanawake mbele yake. Nikamwamkia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umelionaje jangwa?"

Nikamwambia ni zuri mno, na ni kweli. Mchanga wa Lahbab jioni ni jambo la kumshukuru Mungu. Kisha nikamuuliza wenyewe wako wapi, watu waliozaliwa kwenye mchanga ule.

Akacheka kidogo bila kuinua macho kwenye kiganja alichokuwa akikipaka. "Humu kambini? Dereva Mpakistani, mpishi Mhindi, mchezaji Mmisri, mpakaji hina mimi wa Mambrui. Mwenye jangwa humuoni hapa. Ngamia pekee ndiye wa hapa."

Tulirudi usiku na kila mtu garini alikuwa na furaha. Hakuna aliyeambiwa nani alichunga wapi, kisima kilikuwa upande gani, watu waliishije kabla ya mafuta. Wageni hawakudanganywa; walilipia jioni nzuri wakapewa jioni nzuri. Lakini nililala nikiwaza kwamba pale jangwa lilikuwa limebaki kuwa pazia la nyuma ya jukwaa. Nyari hawezi kwenda mgeni asikutane na mtu ambaye nyanya yake amezikwa karibu na hapo. Kitu hicho hatujawahi kukitia bei, na wala sijui kama wenye ofisi za utalii wanakijua kuwa ni mali.

Meli ilipofika niliiona kwanza kama ukuta mweupe uliozuia bahari. Abiria huingia kupitia jengo lenye viyoyozi na muziki. Wafanyakazi huingia kwa mlango wa ubavuni, karibu na usawa wa maji, panapopakiwa vyakula. Pasipoti inachukuliwa na kutunzwa ofisini, unapewa kadi yenye picha na namba ya kituo chako cha dharura. Ndani kuna ujia mmoja mrefu unaopita meli nzima kutoka omo hadi tezi, na humo ndimo meli halisi ilimo: mikokoteni ya mataulo, mapipa ya takataka yaliyogawanywa chupa huku, plastiki kule, mabaki ya chakula kule, maana sheria za kimataifa zinakataza hata kipande cha plastiki kisitupwe baharini. Wapishi, mafundi, wacheza dansi waliovaa manyoya kichwani wanapishana na wafua nguo. Lugha zote za dunia zinasikika, na wali upo kila mlo. Mbaazi za nazi na mahamri nilivikosa tangu asubuhi ya kwanza.

Chumba chetu kilikuwa chini, hakina dirisha, vitanda viwili vya kupandana na pazia kwa kila kimoja. Mwenzangu alikuwa kijana wa Lombok, Indonesia, Mwislamu mtulivu aliyenionyesha kibla kwa simu yake kabla hajaniuliza jina, akafurahi hata nilipomwambia mimi ni Mkristo. Usiku mashine zinatetema chini ya godoro. Mara ya kwanza tulipotoka nje ya Mlango-Bahari wa Hormuz meli ikaanza kupanda na kushuka polepole, bahari ikanilewesha vibaya. Yeye akanipa tufaha la kijani na biskuti za chumvi, akaniambia nilale chali katikati ya meli inapoyumba kidogo zaidi.

Kabla ya kufundishwa kutandika kitanda tulifundishwa kuokoa watu, na nililipenda hilo. Kila mfanyakazi, hata anayeosha sufuria, ana kazi yake king'ora kinapolia mara saba fupi na moja ndefu. Yangu ilikuwa kukagua vyumba vya ujia wetu, kubisha, kufungua, kutazama bafuni na chini ya kitanda, kufunga, kutia alama mlangoni, kisha kusimama kwenye ngazi na kuwaelekeza watu. Mwalimu wetu alitusimulia habari ya Costa Concordia, iliyogonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, Januari 2012, wakafa watu 32, na baadhi ya abiria wake walikuwa bado hawajafanya zoezi lolote tangu wapande. Tangu hapo sheria ilikazwa, wageni wapya lazima waonyeshwe pa kukimbilia kabla meli haijaondoka bandarini au mara tu inapoondoka. Nikiwa nimesimama kwenye ngazi na kizibao changu cha rangi, nikiwaambia wazee wa Kiitaliano kwa lugha yao washike reli na wasirudi kuchukua mikoba, niliiona heshima kamili ya kazi yangu. Mtu aliyekuja kupumzika ameyaweka maisha yake mikononi mwa anayemtandikia kitanda.

Kazi yenyewe ni ngumu na lazima isemwe hivyo. Unaamka kabla ya alfajiri, unasafisha vyumba vyote asubuhi, unavirudia jioni, unakunja taulo ziwe tembo au bata kwa ajili ya watoto. Mkataba wa 2006 unataka upate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7, na kuna karatasi ya kujaza. Jifunze kuijaza kwa ukweli tangu mwanzo, kwa sababu uchovu melini ni hatari kwa wote. Mshahara ni mzuri kuliko wowote ulionipitia Malindi. Nilimtengenezea mama paa la mabati, nikalipa karo za wadogo zangu, na sitamruhusu mtu aidharau kazi iliyofanya hayo.

Tulipofika Muscat nilipata saa chache za kushuka. Meli inafunga gati Mutrah, mji uko mbele yako. Sokoni nilikuwa naangalia ubani, mzee mwenye duka akanisikia nikinong'ona bei kwa Kiswahili, akaniuliza, "Wa wapi wewe, baba?" Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, laini, cha zamani. Nilipomwambia Malindi, akataja ufuta na mtama wa Malindi jinsi babu yake alivyokuwa akivitaja. Alikuwa na haki. Baada ya Sultani wa Zanzibar kuufufua mji wetu mwaka 1861, nafaka ya Malindi ilisafirishwa hadi Uarabuni. Nilimjibu kwa adabu kwamba waliolima walikuwa watumwa, na kwamba waliotoroka walijenga vijiji vyao kandokando ya Sabaki, karibu na kwetu. Akatikisa kichwa, akasema, "Ndivyo." Akanipimia ubani, akakataa fedha. Tuliagana vizuri, na ninamheshimu kwa lile neno moja.

Jioni hiyo abiria waliotembezwa jangwa la Oman walirudi, nami nikaanza na taulo langu kavu. Mama mmoja wa Bergamo alinikuta nimepiga magoti bafuni kwake, akaomba radhi kwa uchafu. Nikamwambia kwa Kiitaliano asijali, mchanga mwekundu tunao hata nyumbani. Akauliza nyumbani wapi, na niliposema Marafa akakaa kitandani na viatu vyake mkononi: alikuwa amefika Malindi na mumewe zamani, Nyari hawakuwahi. Nikamsimulia nikiwa nimesimama mlangoni, maziwa, damu, bibi kizee, kisha Mekatilili. Alisikiliza akiwa ametulia kabisa. Lakini vyumba vilikuwa vinanisubiri, na mhudumu haruhusiwi kukaa na mgeni, hivyo nikamkatia katikati ya safari ya Kisii na kumtakia jioni njema.

Nilisukuma mkokoteni nikiwa nimelijua jambo ambalo lilikuwa limenizunguka tangu Lahbab. Melini nalipwa kwa mikono yangu na uso wangu wa bashasha. Nyari nililipwa, hata kama ni kidogo, kwa kile ninachokijua na kwa kuwa mimi ni wa pale. Kazi ya kwanza inaweza kufanywa na yeyote aliyefunzwa vizuri, na ndiyo maana kampuni huzunguka dunia ikitafuta aliye tayari. Ya pili haiwezi kuhamishwa. Inasikitisha kwamba ya kwanza ndiyo inayoezeka nyumba na ya pili inaachwa kwa vijana wanaongojea bakshishi chini ya mkorosho, bila mafunzo, bila bima, bila hata maji ya kunywa kwenye njia ya kushukia. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na kwetu mwenyeji bado hajapona.

Sasa niko nyumbani kati ya mkataba na mkataba. Tumekaa na wazee na vijana wa Marafa tukakubaliana mambo kadhaa. Hadithi za Nyari ziandikwe kama wanavyozisimulia wazee, matoleo yote, asiwepo wa kuchagua moja na kuzizika nyingine. Kila anayeshusha wageni ajifunze huduma ya kwanza, na hilo ninalifundisha mimi, kama nilivyofundishwa kwenye sitaha. Vijia vinavyokaribia ukingo vifungwe kabla ya masika, mapema kuliko ilivyozoeleka, kwa sababu udongo hauanguki kwa kuaga. Na sehemu ya kiingilio itengwe iwe ujira wa kudumu wa waelekezaji, jambo ambalo bado tunabishana, na nitaendelea kulibishania.

Binti mmoja anayewashusha wageni, mwenye Kiitaliano kuzidi changu, alinifuata juzi kuniuliza wakala wa Mombasa anayemdai fedha nyingi ampe au asimpe. Nikamwandikia kwenye daftari vitu vitatu anavyoweza kulipia, pasipoti, cheti cha daktari na kitabu cha baharia, na chini yake jina la mkataba na mwaka wake, ili amsomee wakala huyo usoni. Akaniuliza kama nadhani aende. Nikamwambia hilo ni lake kuamua, lakini kama ataondoka, kwanza awafundishe wawili wa kushika nafasi yake, na wote wawili wawe wa Marafa. Alisema mmoja ameshampata, mdogo wake wa kike, wa pili anamtafuta. Gari la wageni likapiga honi barabarani, akaenda.